Stika Zilizoharibika za Modeli za Ndege za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanahusu stika za maji, yaani picha na maandishi ambayo unayaloweka, yanateleza kutoka kwenye karatasi yake, kisha unayakalisha juu ya plastiki. Seti ya kuunganisha modeli ya miaka ya 1960 ukiifungua leo, plastiki yake kwa kawaida ni nzima. Stika ndizo zinazotangulia kufa.

Mfano nitakaourudia ni wa Vickers Super VC10, ndege ya abiria ya Uingereza, iliyotengenezwa kama modeli na Airfix kwa skeli ya 1/144 (yaani ndogo mara 144 kuliko ndege halisi), seti ya zamani inayotafutwa na watu wa kwetu wanaotaka kuijenga kama ndege ya East African Airways. Njia ni zilezile hata kama mezani una Spitfire, Dakota au Fokker Friendship.

Nimefungua boksi nikakuta stika zimekuwa za njano. Nizitupe?

Usitupe. Usitupe hata kama zimepasuka vipande vipande. Karatasi hiyo ndiyo kumbukumbu pekee uliyonayo ya ukubwa wa kila herufi, upana wa kila mstari na mahali pa kila alama kwenye seti yako. Hata usipobandika stika moja kutoka humo, utaihitaji ili kutengeneza nyingine.

Isitoshe, njano mara nyingi imeshika filamu ya juu, haijagusa wino. Stika ya namna hiyo bado inaweza kuokolewa.

Kwa nini zinaharibika wakati hazijatumika?

Stika ya maji ni vitu vinne vilivyolaliana: karatasi, gundi inayoyeyuka majini, wino, na filamu nyembamba ya vanishi inayoushika wino usitawanyike. Kila kimoja kina ugonjwa wake. Vanishi ikizeeka hukauka, hukosa kunyumbuka, ikalowekwa inapasuka kama ganda la yai. Mwanga na hewa huigeuza njano. Gundi nayo huvuta unyevu: anayekaa Mombasa, Tanga au Unguja anajua jinsi bahasha mpya zinavyojibandika zenyewe kabatini, na stika ziko hivyohivyo. Pia gundi nyingi za aina hii zina asili ya wanga, na wanga ni chakula cha wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaotafuna vitabu. Ukiona matundu yenye kingo za kulambwalambwa kwenye karatasi, ni wao.

Kitu cha kwanza kufanya ni kipi?

Skani. Kabla ya maji, kabla ya vanishi, kabla ya kuikata hata kidogo.

Ilaze karatasi kwenye skana ikiwa kavu, funika kwa kifuniko bila kuikandamiza kwa nguvu, na skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) au zaidi, kwa rangi, bila kuiruhusu programu "irembeshe" picha. Weka rula ya plastiki pembeni ya karatasi ndani ya skani ileile. Rula hiyo itakuokoa baadaye, kwa sababu faili likihamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine ukubwa wake unaweza kubadilika usijue, na bila kipimo ndani ya picha huna pa kurudi.

Kama huna skana, nenda stationery yoyote yenye mashine ya fotokopi ya kisasa uombe wakuskanie kwenye fleshi. Picha ya simu ni hatua ya mwisho kabisa: lenzi ya simu hupinda mistari ya pembeni, na kwenye mstari mrefu wa ubavu wa ndege kasoro hiyo huonekana.

Nitajuaje kama zitavunjika nikizitia majini?

Jaribu ile usiyoihitaji. Karibu kila karatasi ina kitu hicho: namba ya seti, jina la kampuni, au alama ya ndege ambayo hutaijenga. Ikate, itie kwenye maji ya uvuguvugu kwa sekunde kama ishirini, itoe uiache juu ya tishu dakika moja, kisha isukume taratibu kwa kidole. Ikiteleza nzima, una bahati. Ikipasuka, nyingine zote zilizo kwenye karatasi hiyo zina hali ileile, usijidanganye kwamba iliyo kubwa zaidi itakuwa imara zaidi.

Imepasuka. Naweza kuziimarisha zilizobaki?

Ndiyo, kwa kuzivika filamu mpya. Microscale wanauza Liquid Decal Film kwa kazi hii hasa. Unaipaka kwa brashi pana na laini, ukipitisha mara moja kuelekea upande mmoja, bila kurudirudi. Vanishi ya sprei ya kung'aa pia inafaa: piga tabaka nyepesi mbili au tatu, ukiacha kila moja ikauke. Fanyia kazi hiyo nje au penye upepo wa kutosha, na vaa barakoa inayofaa kwa mvuke wa rangi, maana kitambaa hakizuii mvuke huo.

Jambo moja hubadilika hapo, na wengi hulisahau. Stika zilipochapwa kiwandani, kila moja ilikuwa na filamu yake yenye mpaka wake. Ukishapaka filamu mpya juu ya karatasi nzima, zote zimekuwa kitu kimoja. Lazima sasa uikate kila stika kwa kufuata ukingo wa mchoro wake, kwa wembe mpya au kisu chembamba. Ukataji ukiwa mbaya, ukingo wa filamu utaonekana kwenye ndege milele.

Njano inatoka?

Mara nyingi inapungua sana. Tia karatasi kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kwa zipu, ibandike kwa tepu kwenye kioo cha dirisha linalopata jua, uso wa stika ukitazama nje. Iangalie kila jioni. Kwa jua letu siku chache huweza kutosha. Iliyokolea njano huenda ikahitaji wiki mbili. Itoe pindi nyeupe inaporudi, kwa sababu jua halichagui, na rangi nyekundu huanza kupauka likizidi.

Fanya hivyo baada ya kuskani na kabla ya kupaka filamu mpya.

Stika zimegandana na karatasi ya maelekezo. Nizitenganishe vipi?

Kama ni za kunakili tu, na upande wenye mchoro unaonekana, ziache hivyo hivyo. Kama zimeganda uso kwa uso, usivute zikiwa kavu. Lowesha kwa brashi karatasi isiyo na thamani, kidogo kidogo kutoka nyuma, uisubiri inywe maji, kisha uiinue kutoka pembeni. Kubali mapema kwamba unaweza kupoteza baadhi.

Ninunue mpya au nitengeneze mwenyewe?

Kama kuna kampuni inayochapa stika za ndege yako kwa skeli yako, nunua. Stika za kuchapwa kwa skrini zina weupe halisi, rangi iliyoshiba na kingo kali ambazo printa ya nyumbani haizifikii. Kwa ndege za kivita chaguo ni pana mno: Xtradecal ya Hannants kule Uingereza, Microscale ya Marekani, Techmod ya Poland, na seti nyingi mpya zenye stika zilizochapwa na Cartograf wa Italia. Bahasha ya stika ni nyepesi, inasafiri vizuri kwa posta.

Kabla ya kulipa, thibitisha mambo mawili. Skeli, kwanza. Pili, stika ilipimwa kwa seti ya kampuni gani. Seti mbili za ndege moja kwa skeli moja zinaweza kutofautiana kwa milimita kadhaa urefu, na mstari wa ubavuni uliopimwa kwa seti mpya hautafika mkiani kwenye seti ya zamani, au utapita.

Kwa mashirika ya ndege yaliyokufa zamani, hali ni ngumu zaidi. Stika zake hutoka chache, zikiisha zimeisha. Hapo ndipo kutengeneza mwenyewe kunapokuwa na maana.

Nataka kuijenga VC10 yangu kama ya East African. Nichague usajili gani?

Hili ndilo swali ninalopenda kulijibu, kwa sababu plastiki ya boksi ni ileile kwa kila aliyeinunua duniani, na herufi tano za usajili ndizo zitakazoifanya iwe ndege fulani iliyotua Embakasi, Entebbe na Dar es Salaam.

East African Airways, shirika lililoanza 1946 na kumilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, lilipokea Super VC10 tano kati ya 1966 na 1970. Usajili wake uligawanywa kati ya nchi tatu, na herufi za mwanzo zinakuambia nchi: 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya. Ndege zenyewe zilikuwa 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG.

5X-UVA ilianguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 wakati ikiruka kuelekea Roma na London. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walifariki. Ukiijenga hiyo, ijenge kwa heshima, na usiiweke tarehe ya baada ya hapo kwenye kibao chake.

Nne zilizobaki zilirudi Uingereza baada ya shirika kuvunjika 1977, zikageuzwa kuwa ndege za kujazia mafuta angani za Jeshi la Anga la nchi hiyo, aina ya K3: 5H-MMT ikawa ZA147, 5Y-ADA ikawa ZA148, 5X-UVJ ikawa ZA149, na 5H-MOG ikawa ZA150. Ziliendelea kuruka kwa miongo mingine, na ZA147 na ZA150 zilikuwamo kazini hadi VC10 zilipostaafishwa jeshini Septemba 2013. ZA150 imehifadhiwa Dunsfold.

Mimi ningechagua 5H-MOG. Ni VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa, mwaka 1970, na ilikuwa ya kwetu. Lakini chaguo liongozwe na picha ulizonazo. Ndege uliyo na picha zake tatu nzuri za kutoka ubavuni ni bora kuliko ile unayoipenda lakini umeiona kwa mbali tu, kwenye picha moja yenye ukungu.

Angalizo kwa wanaotumia seti iliyokuja na stika za BOAC, shirika la ndege la Uingereza la enzi hizo: VC10 za East African, zilizoitwa Aina 1154, zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo ubavuni mwa mbele, upande wa kushoto. Kwenye seti ya ndege ya abiria ya kawaida haupo. Kwa 1/144 hulazimiki kuuchonga; mstari mwembamba wa kijivu kwenye karatasi yako ya stika unatosha, basi uweke kwenye mchoro tangu mwanzo.

Nichoreje stika kutoka kwenye picha?

Tumia programu inayochora kwa mistari badala ya nukta. Inkscape ni ya bure na inaweza kazi yote hii. Fungua ukurasa mpya, weka vipimo vyake viwe milimita, ingiza skani ya stika zako za zamani kama tabaka la chini, na uipanue au uipunguze hadi rula iliyomo kwenye skani ilingane na rula ya programu. Sasa chora juu yake. Vilivyo sawa kwa kila ndege, kama fremu za milango na alama za njia za dharura, vifuate moja kwa moja kutoka kwenye skani. Jina na usajili utavichora kutoka kwenye picha.

Chagua picha iliyopigwa ndege ikiwa imesimama ubavu kabisa. Picha ya mshazari hubana herufi upande mmoja na kuzinyoosha upande mwingine, nawe ukinakili utapata jina linaloonekana limelewa.

Kipimo kitokane na ndege yenyewe. Super VC10 ilikuwa na urefu wa mita 52.3, kwa hiyo kwa 1/144 modeli inatakiwa iwe karibu milimita 363. Pima yako. Kisha kila kitu ni kugawanya kwa 144: herufi iliyokuwa na kimo cha sentimita 60 kwenye ndege inakuwa milimita 4.2 kwenye modeli. Kwa dpi 600, herufi hiyo ina nukta kama 100 tu kutoka juu hadi chini. Kwa dpi 300 zinabaki 50, na mikunjo ya herufi kama G na O huanza kuonekana kama ngazi. Ndiyo sababu nasisitiza 600.

Usitafute fonti iliyo tayari ukaridhika kwa sababu inakaribia. Herufi za mafundi wa enzi hizo zina tabia zake: unene wa mguu, nafasi kati ya herufi, urefu wa kistari baada ya 5H. Anza na fonti inayokaribia, igeuze iwe mistari, halafu isukume nukta kwa nukta hadi ilingane na picha. Kwa herufi chache ni kazi ya jioni moja, na ndiyo itakayomfanya mtu aliyefanya kazi Embakasi zamani aitambue ndege kabla hajasoma kibao.

Ukimaliza, chapa kwenye karatasi ya kawaida kwanza. Zima chaguo la kuenea ukurasa mzima. Lazima iwe asilimia 100. Chora na mstari wa milimita 100 pembeni mwa ukurasa, uupime kwa rula ukishachapwa. Kata herufi, zishikize kwa tepu ya karatasi kwenye ndege, kaa mbali kidogo, angalia. Makosa mengi ya ukubwa hukamatwa hapo, kabla hujatumia karatasi ya bei.

Karatasi ya stika za maji inapatikana wapi, na printa gani inafaa?

Stationery za kawaida kwa kawaida hawana. Iagize mtandaoni, watu wanaopamba vikombe, mishumaa na kucha hutumia karatasi hiyohiyo, kwa hiyo wauzaji wa vifaa vyao ni pa kuulizia pia. Kuna ya uwazi na nyeupe, na kila moja hutolewa kwa printa ya wino au ya leza. Soma boksi vizuri. Karatasi ya printa ya wino ikiingia kwenye printa ya leza inaweza kuyeyuka ndani na kuharibu mashine ya mtu.

Kama unachapisha dukani, Kariakoo au River Road, mwambie fundi ukweli: hii ni karatasi maalumu ya leza, iingie kwa trei ya mkono, moja moja, na mashine iwekwe kwenye mpangilio wa karatasi nene. Wengine watakataa, na wana haki, mashine ni mali yao. Mwenye printa iliyozoea kuchapa lebo na karatasi nzito ndiye wa kumfuata.

Printa ya wino inatoa rangi nzuri, ila wino huo unayeyuka majini. Acha ukurasa ukauke saa kadhaa, kisha pulizia vanishi ya sprei: tabaka la kwanza liwe kama vumbi tu, maana ukimwaga vanishi nzito juu ya wino mbichi itatawanyika. Ongeza mbili nyingine baada ya hiyo kukauka. Uchapaji wa leza hauyeyuki majini, ila kwenye mikunjo wino wake huweza kubanduka, kwa hiyo nao hufaidika na tabaka moja jepesi.

Wala usiujaze ukurasa kwa nakala moja. Panga kila stika mara tatu au nne. Zitahitajika.

Printa yangu haichapi nyeupe. Nifanyeje?

Printa za kawaida huihesabu karatasi kuwa ndiyo nyeupe. Kwenye karatasi ya uwazi, palipo peupe panabaki wazi, na rangi nyepesi kama njano hupotea kabisa juu ya rangi nzito. Zamani watu waliwinda printa za ALPS za mfululizo wa MD kutoka Japani, ambazo ziliweza kuchapa nyeupe, lakini hazitengenezwi tena. Siku hizi OKI wametengeneza printa za leza zenye tona nyeupe, na baadhi ya maduka ya kuchapa fulana wanazo.

Nyumbani una njia mbili. Ya kwanza ni kuchapa kwenye karatasi nyeupe na kukata kwa kufuata ukingo. Inafaa kwa alama zenye umbo rahisi kama duara. Ya pili ni kuipaka ndege rangi nyeupe pale stika itakapokaa. Kwa ndege ya abiria ambayo sehemu ya juu ya mwili ni nyeupe, tatizo limeshajitatua: maandishi ya rangi nzito juu ya nyeupe, karatasi ya uwazi, basi.

Na mistari mirefu ya ubavuni?

Ipake rangi. Najua inatisha, lakini stika ya sentimita thelathini na kitu, iliyochapwa nyumbani, ikikunjamana katikati hairudi. Tepu nzuri ya kuzuia rangi, iliyobanwa vizuri ukingoni, itakupa mstari ulionyooka kuliko stika. Pigia tepu tabaka jepesi la rangi ya chini kwanza ili ijaze mianya, halafu rangi ya mstari. Stika ziachie maandishi na alama.

Modeli imeshajengwa miaka mingi na stika zake zimechakaa. Zinatokaje?

Bandika tepu ya karatasi juu yake, ibane kwa kucha, ivute. Stika kavu zilizozeeka mara nyingi huja na tepu. Zisipokuja, laza juu yake tishu iliyoloweshwa siki nyeupe au dawa ya kulainishia stika, zifunike, ngoja, rudia tepu. Mabaki ya mwisho hutolewa kwa msasa laini sana wa 2000 wenye maji. Usiguse asetoni, kitoa rangi ya kucha wala petroli: vinayeyusha plastiki yenyewe.

Nizibandike vipi zikae kama zimepakwa?

Uso lazima ung'ae kwanza. Rangi isiyong'aa, ukiitazama kwa lenzi, ina vilima na mabonde, na stika ikilala juu ya vilima hewa inabaki mabondeni. Hewa hiyo ndiyo inayoonekana baadaye kama mng'ao wa fedha chini ya filamu. Piga vanishi ya kung'aa, kama X-22 ya Tamiya, uiache ikauke vizuri, siku moja au mbili.

Kata stika moja tu. Itie kwenye maji safi ya uvuguvugu. Kama maji ya bomba lako ni ya chumvi, tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, kwa sababu chumvi huacha madoa meupe ikikauka. Karatasi itajikunja yenyewe, kisha itajifungua. Itoe ikifika hapo. Usiiache stika ielee ikaachana na karatasi ndani ya maji, maana gundi yote itabaki kwenye bakuli.

Lowesha mahali pake kwenye ndege kwa brashi. Leta karatasi pembeni kabisa ya mahali hapo, gusa stika kwa brashi yenye maji, uitelezeshe kutoka kwenye karatasi moja kwa moja hadi kwenye plastiki bila kuinyanyua hewani. Herufi za 5H-MOG kwa 1/144 ni utepe mwembamba sana. Ukizishika kwa kibanio zitajizungusha na kujibandika zenyewe kwa zenyewe. Kwenye maji zinaelea, na ncha ya brashi inatosha kuzisogeza. Zilinganishe na mstari wa tepu ulioubandika mapema kwa ajili hiyo. Halafu vuta maji kutoka pembeni kwa ncha ya tishu, na bana kwa kijiti cha pamba chenye unyevu, kutoka katikati kwenda nje.

Sasa dawa ya kulainisha, tone moja. Micro Sol au Mr. Mark Softer. Stika itakunjamana ndani ya dakika moja au mbili, na utashawishika kuinyoosha. Usiiguse. Wakati huo filamu ni laini kama utando wa maziwa, ukiigusa inachanika. Ikikauka itakuwa imejilaza yenyewe ndani ya kila mfereji wa paneli. Kwa stika ulizozichapa mwenyewe ijaribu dawa hiyo kwenye nakala ya ziada kwanza, kwani baadhi ya vanishi hazistahimili.

Dawa hizo sizipati. Siki inatosha?

Siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu husaidia stika kushika. Ukifungua chupa ya Micro Set utanusa siki hiyohiyo. Kwa kulainisha kwenye mikunjo mikali haifiki mbali. Kwa mwili wa VC10, ambao ni mviringo mpole, itatosha.

Nimeona mng'ao wa fedha baada ya kukauka.

Toboa sehemu hiyo kwa ncha ya wembe mara kadhaa, weka dawa ya kulainisha, ibane ikishakuwa nusu kavu. Rudia kama bado upo. Ukishafunika kwa vanishi ya mwisho huwezi tena kuufikia, kwa hiyo kagua kwenye mwanga wa pembeni kabla ya kufunika.

Ninaruhusiwa kunakili stika za kampuni?

Kutengeneza nakala ya kurekebisha ndege yako mezani si sawa na kuchapa kurasa na kuziuza. Ukitaka kuuza, chora yako mwenyewe kutoka kwenye picha, na uombe ruhusa pale nembo ina mwenyewe.

Zilizobaki nizihifadhi vipi?

Zilaze kwa ubapa, zisikunjwe. Kati ya kila karatasi weka karatasi ya nta au ya kuokea, isiyoshika gundi. Zifunge kwenye mfuko wa zipu pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ndani ya bahasha nyeusi, kwenye droo iliyo mbali na jiko na ukuta wa nje. Nje ya bahasha andika jina la seti, skeli, printa uliyotumia na vanishi uliyopiga, pamoja na jina la faili la mchoro. Faili lenyewe liwe na nakala mahali pawili, likiwa katika umbo linaloweza kuhaririwa pamoja na PDF, ili anayehitaji 5Y-ADA baada yako abadilishe herufi tu.